Ajali ya bodaboda: sema nini, fanya nini

Nawafundisha huduma ya kwanza madereva wa bodaboda, pale pale kijiweni. Kufunga bandeji wanajifunza upesi. Kinachotusumbua ni maneno. Siku moja nilipigiwa simu: "Mwalimu, wahi, kuna mtu kapata mshtuko." Njia nzima nikawa nawaza moyo. Kufika, namkuta kijana paja limechanika, suruali imelowa damu, na waliomzunguka wanampepea. Hakuna aliyekuwa amebana jeraha.

1. Linda eneo. Weka matawi barabarani, mbali kidogo, pande zote mbili. Zima injini ya pikipiki iliyoanguka, na anayevuta sigara aondoke. Vaa glavu. Zamani tulikuwa tunasema vaa rambo mkononi, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo weka glavu chini ya kiti cha pikipiki yako.

2. Mwite. Mguse bega: "Kaka, unanisikia?" Akijibu, ana fahamu. Asipojibu, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapa wengi husema "amezimia", nami siwaachii. Aliyezimia kwa njaa au joto huzinduka mwenyewe baada ya muda mfupi. Huyu aliyejigonga na haamki amepoteza fahamu, na la kujua mara moja ni kama anapumua. Kuhema kwa kukwama, mara moja moja, usikuhesabu kuwa ni kupumua.

Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, ukandamize kwa nguvu kifua kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa kupuliza pumzi hukandamiza 30, kisha hupuliza mbili. Hujafundishwa? Endelea kukandamiza tu. Kama anapumua, kofia ngumu iache kichwani, fungua kioo chake, na shingo isichezewe.

3. Zuia damu. Sikiliza tofauti: damu inavuja, au inaruka? Inayoruka kwa kufuata mapigo ya moyo inatoka kwenye mshipa mkubwa, na haikupi muda. Kunja kanga safi, weka juu ya jeraha, bana kwa uzito wa mwili wako. Usifunue kuchungulia kama imekata! Ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu yake. Majivu, kahawa, mafuta ya taa, hapana. Kitu kikiwa kimechoma na kubaki ndani usikichomoe, bana pembeni yake. Damu ya mguu au mkono ikigoma kabisa, funga kitambaa kipana vidole vinne juu ya jeraha, si kwenye kiungo, ukaze kwa kijiti hadi ikate. Andika saa uliyofunga, usilegeze hadi hospitali.

4. Mshtuko upi? Kuna mshtuko wa kupata habari mbaya. Kuna mshtuko wa moyo. Na kuna huu wa kupungukiwa damu, ambao ndio uliokuwa ukimmaliza yule kijana: ngozi ya baridi, jasho, mapigo ya haraka lakini dhaifu, kiu. Mlaze, mfunike, endelea kubana. Atakuomba maji na shangazi mmoja atakuja na soda. Mkatalie kwa adabu: majeruhi anaweza kutapika na kupaliwa, na huenda akahitaji upasuaji.

5. Piga simu. Ukisema "jamani pigeni simu", hapigi mtu. Mnyooshee mmoja kidole: "Wewe wa shati jekundu, piga 112." Mtu akiwa amebanwa ndani ya gari, Zimamoto na Uokoaji ni 114. "Mtu anakufa, wahini" haimsaidii anayepokea. Mfundishe aseme hivi:

"Ajali ya pikipiki na gari, njia panda ya kwenda mnadani, mkabala na msikiti. Majeruhi wawili. Mmoja ana fahamu, damu ilikuwa inaruka pajani, tumefunga saa nane na robo mchana. Wa pili hana fahamu ila anapumua."

Asikate simu kabla ya kuambiwa akate.

6. Kumhamisha. Gari la wagonjwa likiwa njiani, msubirini. Anayepumua bila fahamu mgeuzeni kwa ubavu, watu watatu kwa pamoja, kichwa na mgongo vikienda sawa, ili matapishi yatoke. Gari lisipokuja, tafuteni pikapu na ubao au mlango wa kumlazia. Kumpakia mshikaki kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, shingo inaning'inia, nimeshaona mara nyingi mno.