Kufunga msumeno wa radiali usije ukakurukia

Msumeno huu, ule ambao mota na bledi vinaning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza, hujivuta wenyewe. Ukiuvuta kukata ubao kwa mapana, meno ya chini yanakimbilia kwenye fensi, ule ukingo wa nyuma ya meza unaoegemezea ubao. Yanakanyaga mbao kama tairi linavyokanyaga barabara, na kichwa kizima, yaani mota na bledi yake, kinakuja kwako. Karibu kila hatua hapa ni ya kuzuia hilo.

1. Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi.

2. Inua mbele kidogo kwa vipande vya bati chini ya miguu ya mashine nzima, si meza peke yake. Vuta kichwa hadi mwisho, kiachie. Kinatakiwa kirudi chenyewe polepole. Kikigonga nyuma kwa kishindo, umezidisha.

3. Funga kizuizi kwenye mkono wa chuma, bledi isipite ukingo wa mbele wa meza.

4. Chagua bledi. Hapa wengi tunakosea, maana bledi ya msumeno wa meza nayo huingia vizuri tu kwenye shafti. Laza rula kutoka katikati ya tundu hadi ncha ya jino. Uso wa jino ukifuata rula, hiyo ni nyuzi 0, inafaa. Ukiinama nyuma nyuzi 5 hivi, bora zaidi. Jino lililoinamia mbele kama ndoano, achana nalo. Niliwahi kulifunga kwa uvivu: kwenye mninga kichwa kilipanda juu ya ubao, mota ikakwama ikinguruma, na bega likaniuma siku mbili.

5. Gadi, yaani vifuniko vya kukinga bledi. Ya juu ifunike bledi hadi ncha ya shafti. Za pembeni zipande zenyewe zikikutana na ubao, na zishuke ukimaliza. Ukikuta zimefungwa juu kwa waya, kata waya, kisha safisha utomvu na vumbi. Hivyo ndivyo vilivyozikwamisha hadi fundi akatafuta waya. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, alikoibuni mashine hii Raymond DeWalt miaka ya 1920, zinadai gadi hizi, kizuizi na ule mwinuko wa mbele.

6. Chora mstari mwekundu sentimita 15 kila upande wa njia ya bledi; mkono ulioshika ubao usiuvuke. Kipande kifupi kibane kwa klampu. Mkono wa kuvuta uukaze: unavuta huku unazuia.

Kupasua kwa urefu kunataka ubao uingie kinyume cha mzunguko wa bledi, pamoja na makucha ya kuuzuia usirudi. Mimi kazi hiyo nimeihamishia kwenye msumeno wa meza.

7. Chomeka plagi, kata ubao wa majaribio, rudisha kichwa nyuma ya fensi, zima. Subiri bledi isimame kabisa ndipo uguse kipande.