Jenereta ya boti inapanda na kushuka? Tafuta hewa kabla ya kununua nozeli

Juzi nilishinda ndani ya boti moja pale Mtwapa. Mwendo wa jenereta ya dizeli unapanda, unashuka, taa zinafifia na kuwaka. Nahodha alishaambiwa anunue nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli silindani. Hakununua hata moja.

Hatua ya 1. Weka mita ya umeme kwenye Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Injini ya mizunguko 1500 kwa dakika hutoa Hz 50, yaani kila Hz moja ni mizunguko 30 ya injini. Bila mzigo, 51 au 52 ni sawa. Ile ilikuwa inacheza kati ya 46 na 54.

Hatua ya 2. Tazama moshi. Mweusi: hewa haitoshi au mzigo umezidi, na kwenye boti nafungua kwanza kiwiko cha ekzosi, pale maji ya bahari yanapochanganyika na moshi, maana masizi na chumvi hukiziba. Wa buluu ni oili.

Hatua ya 3. Mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli, badilisha filta yake.

Hatua ya 4. Tafuta hewa inayoingia kwenye njia ya mafuta. Tangi likiwa chini ya injini, mafuta yanafyonzwa, hayasukumwi. Kwa hiyo palipotoboka dizeli haidondoki, hewa ndiyo inayoingia. Utapangusa mpira wote wa mafuta kwa kitambaa, kitambaa kitoke kikavu, uape hapavuji. Mimi niliapa hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikakaa siku mbili nachokonoa skrubu ya gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Kumbe oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ya kifuniko cha chujio ilikuwa imelala bapa.

Siku hizi sibahatishi. Nachukua dumu safi la lita 5, nalijaza dizeli, nalifunga juu ya usawa wa pampu ya mafuta, nateremsha mpira mpya unaoonyesha ndani moja kwa moja hadi kwenye pampu. Mafuta yanayorudi nayaelekeza dumuni pia, usisahau, utajaza dizeli sakafuni. Injini ikitulia, basi injini ni nzima, kasoro iko kwenye njia ya mafuta. Kisha narudisha kipande kimoja kimoja cha njia ya zamani hadi mapovu yaonekane. Mtwapa yalionekana niliporudisha mpira wa tangini: chini ya klipu palikuwa na ufa kama unywele.

Kama mapovu hakuna na bado inakosa nguvu, legeza kifuniko cha tangi. Ikipona, bomba la kupumulia limeziba. Nimewahi kukuta nyigu wamejengea humo. Na tepu nyeupe ya mabomba ya maji usiilete kwenye mafuta, vipande vyake huishia kwenye pampu. Kwenye maungio weka washa (pete bapa) mpya za shaba.

Hatua ya 5. Toa hewa kwa pampu ya mkono hadi povu liishe. Ukipiga stata mara nyingi bila kuwaka, funga valvu ya maji ya bahari, la sivyo maji yatajaa kwenye ekzosi na kurudi silindani. Ikishika tu, fungua.

Hatua ya 6. Ipe mzigo nusu saa, mita ikiwa mbele yako.