Kupanda Milima ya Uluguru hadi Kwenye Chemchemi: Mwongozo kwa Mtembea kwa Miguu

Mto Morogoro, unaopita katika mji wenye jina hilo hilo, huanza kama michirizi midogo ndani ya msitu wa Milima ya Uluguru, na mtu mwenye afya njema anaweza kuzifikia baadhi ya chemchemi zake na kurudi mjini kabla ya giza. Safari hii haihitaji ustadi wa kukwea miamba. Inahitaji kibali, mwongozaji, kuondoka mapema, na heshima kwa maji ambayo wengine watayatumia baada yako.

Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwa hiyo fika ofisi ya hifadhi siku moja kabla, ulipe kiingilio na upatiwe mwongozaji anayeijua njia. Usimwone kuwa gharama ya ziada, kwa sababu vijia vya mashambani vinagawanyika mara nyingi kabla ya kufika msituni, na ukungu ukishuka hata mwenyeji huenda kwa uangalifu. Mweleze waziwazi kwamba unataka kufika kwenye chemchemi, si kuishia Morningside, mahali penye nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani ambapo wageni wengi hugeukia.

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa mteremkoni huteleza vibaya na vijito hujaa ghafla. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500, ilhali kilele cha Bondwa kinapita mita 2,000, na kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 kila mita 1,000, beba sweta na koti la mvua hata kama asubuhi ya mjini ni ya jasho. Vaa viatu vyenye meno na suruali ndefu uliyoichomeka ndani ya soksi, kwani siafu hupenda kukatiza njia baada ya mvua. Chukua pia fimbo imara, chakula cha mchana, na maji ya kutosha kupanda bila kutegemea kijito chochote.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sehemu ya kwanza hupita kwenye mashamba ya Waluguru, na hapo utakutana na akina mama wanaoteremka na ndizi na mboga kichwani kuelekea sokoni. Wapishe wewe, usimame upande wa mlimani, na uwaamkie wazee kwa shikamoo. Mwenye mzigo kichwani hawezi kutazama miguu yake kama wewe unavyoweza.

Mashamba yakiisha, kivuli huanza mara moja na hewa hubadilika. Huu ni msitu wa Tao la Mashariki, yaani mnyororo wa milima ya kale ya Tanzania na kusini mwa Kenya, nao hupokea mawingu kutoka Bahari ya Hindi, na hata siku isiyo na mvua utaona matone yakidondoka kutoka kwenye majani yaliyonasa ukungu. Maji hayo huzama polepole kwenye tabaka nene la majani yaliyooza, ambalo huyashika kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ndiyo maana vijito hivi haviishi kutiririka mvua ikikoma, na ndiyo maana Mto Ruvu, ambao nao hupata maji yake milimani humu, unaweza kuihudumia Dar es Salaam.

Utajua umekaribia chemchemi udongo unapolainika chini ya viatu na kangaga na migomba mwitu kuongezeka. Kitovu chenyewe mara nyingi ni kidogo: maji yanatoka chini ya jiwe au katikati ya mizizi bila kelele, na mchanga mwembamba unachezacheza pale yanapochomoza. Simama kwenye mawe au mizizi, usikanyage tope la ukingoni, kwa sababu nyayo chache tu hulikandamiza na kuyatia maji uchafu. Muulize mwongozaji kama mahali hapo ni pa tambiko. Ikiwa ndivyo, fuata atakachokuambia bila ubishi, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa.

Usioge wala kufua hapo, hata kwa sabuni inayosifiwa kuwa ya asili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa kuwa eneo la kulindwa, na umbali huo ni kipimo kizuri kwa mtembeaji anayetaka kujisaidia: ondoka mita zisizopungua 60 kutoka kwenye maji, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kisha ulifukie. Ukitaka kuyanywa maji, kinga kwa kikombe safi, kisha uyachemshe au utumie dawa ya kutibu maji na kusubiri dakika 30, kwani wanyama hunywa hapo pia na usafi wa macho hautoshi.

Anza kushuka ifikapo saa saba mchana. Magoti huchoka zaidi wakati wa kuteremka, kwa hiyo piga hatua fupi na utangulize fimbo. Ukiwa umeona mti uliokatwa, moto au shamba jipya karibu na chemchemi, pita ofisi ya hifadhi siku hiyo hiyo, ueleze ni kijito gani na uliona saa ngapi.