Uzamili wa fedha na uchumi: anza na hati ya matokeo

Wengi wanaotaka kusoma uzamili wa fedha na uchumi hapa Nairobi huniuliza swali moja: "Sekondi loa (daraja la pili la chini) itaniingiza?" Mimi huwauliza kwanza: hesabu ulisoma zipi, na ulipata ngapi?

Hatua ya 1. Keti na hati yako ya matokeo, uzungushie kalamu nyekundu kila somo la hisabati, takwimu na ekonometriki (takwimu zinazotumika kupima mambo ya uchumi). Huo ndio ukurasa unaopekuliwa na idara. Aliyesoma biashara akapata alama nzuri bila kugusa kalkulasi anaweza kuambiwa asome masomo ya kujazia kwanza. Mhandisi naye, mwenye hesabu tele, huenda akaambiwa arudi kwenye misingi ya uchumi. Usinune. Ukikutana na matriksi darasani wiki za mwanzo, utashukuru.

Hatua ya 2. Daraja. Vyuo vingi vya Kenya hutaka daraja la pili la juu, yaani 60 hadi 69 kwa mizani ya kawaida. La chini, 50 hadi 59, halikufungii mlango, ila huhitaji mhimili: tajriba ya kazi katika fani hiyo au stashahada ya uzamili. CPA, cheti cha uhasibu kinachotolewa na bodi ya mitihani ya kasneb, husaidia ukielekea fedha. Kwa uchumi mtupu sioni ikikufikisha mbali.

Hatua ya 3. Makaratasi. Nakala za vyeti zilizoidhinishwa, kitambulisho, cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne (ndiyo, bado wanakiulizia), barua za wahadhiri wanaokufahamu, na risiti ya ada ya maombi. Mhadhiri mwombe barua mapema, umtumie na orodha ya alama zako, maana amefundisha mamia na sura yako imeshamtoka.

Hati ya matokeo mara nyingi hutakiwa ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo. Yangu ilikuwa ya kaki, muhuri wa buluu umekaa nusu kwenye mfuniko, nusu kwenye bahasha yenyewe. Nikiwa kwenye matatu Thika Road hamu ikanishinda, nikaifungua nione alama ya takwimu. Dirishani pa maombi, dada anayepokea makaratasi aliutazama muhuri uliokatika katikati, akanirudishia bila neno.

Hatua ya 4. Kama shahada ya kwanza uliisomea nje ya Kenya, ipeleke ikatambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Usingoje wiki ya mwisho ya maombi.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu, mimi nina shahada ya ualimu, hisabati na biashara. Nafundisha Embakasi. Nitacheka au nitalia?*
Utacheka, ndugu. Hesabu unazo. Ulizia tu kama idara itakutaka usome uchumi wa msingi kabla ya kuanza.

*Pendekezo la utafiti linatakiwa wakati wa kuomba?*
Kwa uzamili wa darasani kwa kawaida hapana. Hilo huja baada ya masomo. Wa uzamifu ndio huulizwa mlangoni.

*AERC ni chuo?*
Si chuo. Ni muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, ulianzishwa 1988 na makao yake yako hapa Nairobi. Una mpango wa uzamili wa ushirikiano: unajiunga kupitia chuo kikuu kinachoshiriki, na kwa miaka mingi wanafunzi wa nchi mbalimbali wamekutanishwa Nairobi kusoma masomo ya kuchagua.

*Na karo, kaka? Mshahara wangu ukifika tarehe tano umekwisha.*
HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ina mkopo wa uzamili pia. Pata barua ya kukubaliwa kwanza. Na ukiweza kusoma jioni, usiache kazi.

*Ile bahasha uliifanyaje?*
Nilirudi kwa msajili, nikalipa tena, nikangoja siku kumi na moja. Ya pili niliifungia ndani ya gazeti, nikaikalia hadi mjini.