Babu Akiitwa Mchawi Gazetini: Namna ya Kuandika Barua Ikajibiwa

Nina kibanda cha kupiga chapa na kutoa kopi Likoni, hatua chache kutoka kivukoni. Riziki yangu ni barua: za kuomba kazi, za basari, za kumlilia chifu. Barua za kulalamikia vyombo vya habari sikuzijua mpaka tsawe wangu, babu mzaa mama, alipovuka feri asubuhi moja, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuniuliza duka la piko liko wapi.

Nilicheka. Mzee wa miaka themanini na ushei anataka kutia nywele rangi! Nikamuuliza amepata mchumba gani huko Rabai. Hakucheka. Alinipa simu ya mjukuu wake, na humo nikamwona yeye mwenyewe: mvi tupu, shuka begani, mkono umeinuliwa, mdomo wazi. Juu ya picha, kwa herufi nene, kichwa cha habari kuhusu wachawi waliouawa.

Picha ilikuwa ya kweli. Ripota aliipiga kwa idhini yake, siku wazee walipokuwa wakiomba mvua pembeni mwa kaya, msitu mtakatifu wa sisi Wamijikenda wa Pwani ya Kenya. Habari nayo huenda ilikuwa ya kweli. Ila ilihusu watu wengine, mahali pengine, safari ya nusu siku kwa matatu. Mtu wa chumba cha habari alitafuta picha ya "mzee wa Kimijikenda", akapata wa kwanza, akambandika.

"Vijana wa boda pale steji washaniita hilo jina mara mbili," akasema.

Kwa asiyeishi huku: katika kaunti ya Kilifi, iliko Rabai, wazee wamekuwa wakiuawa miaka na miaka kwa neno hilo moja, mara nyingi na jamaa zao wanaokodolea macho shamba. Mvi peke yake ni ushahidi tosha, ndiyo maana wengi hupaka piko. Kule Ganze kuna Kaya Godoma, ambako wazee waliotoroka makwao hupewa hifadhi. Kwa hiyo usimwambie mzee kwamba picha ni picha tu, atazoea.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Niliwaita vibaraka wa wakoloni. Nikawakumbusha Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama, ndugu zetu Wamijikenda, kuwapinga Waingereza, na jinsi Waingereza hao walivyolipua kaya ya Wagiriama kwa baruti mwaka 1914. Nikamaliza kwa laana ndogo. Haikujibiwa, na nikiisoma leo naona mhariri angejibu nini hasa? Hakuna sentensi hata moja iliyomwambia afanye jambo fulani.

Basi fanya hivi.

Kwanza hifadhi ushahidi, kabla hata hujapandwa na hasira. Habari za mtandaoni hubadilishwa kimyakimya, kisha utaambiwa umeota. Piga skrinshoti moja inayoonyesha jina la chombo, tarehe, kichwa cha habari na picha kwa pamoja, na unakili linki. Ikiwa ni gazeti, nunua nakala nzima. Usikate kipande, maana namba ya ukurasa na tarehe ziko kule juu. Redio ndiyo mtihani. Andika saa, jina la kipindi na la mtangazaji, halafu uliza kwenye makundi ya WhatsApp. Siku hizi hakosekani mtu aliyerekodi.

Kisha tafuta kosa moja. Moja, si kumi. Najua yako kumi. Lakini ukimwandikia mhariri kwamba "mnadharau dini zetu," atakujibu kwamba anaheshimu dini zote, na mazungumzo yameishia hapo. Ukimwambia "mtu aliye kwenye picha hii hahusiani na habari hii," hana pa kujificha.

Mara nyingi kosa liko kwenye picha, kama letu. Lisipokuwa kwenye picha liko kwenye neno, na hapa ndipo nawaomba tutulie kidogo, kwa sababu wengi wetu tunajua neno limetuuma ila hatujui kueleza limekosea wapi.

Mganga na mchawi ni watu wawili. Mtoto wa chekechea Mombasa anajua: mmoja huagua, mwingine huroga. Tatizo ni kwamba taarifa nyingi huanza kwa Kiingereza, na katika Kiingereza hao wawili hukorogwa kwenye neno moja. Ikirudishwa Kiswahili, mganga anatoka mchawi. Hata Sheria ya Uchawi tuliyonayo, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925, enzi za mkoloni. Na mzee wa kaya ni mtu wa tatu kabisa. Yeye ni wa baraza la wazee, tunaloliita kambi. Hutunza msitu, huamua kesi za ukoo, humwomba Mulungu. Anaweza asijue kuchimba hata mzizi wa tumbo.

Angalia na vyombo. Tunguri ya mganga ni kibuyu cha kutilia dawa. Nimeona ikiandikwa "vifaa vya kishirikina" na polisi wamesimama kando yake kama wamenasa bunduki. Kigango cha Wagiriama ni mti uliochongwa kumkumbuka marehemu wa chama cha wazee kiitwacho Gohu. Hapa hukiita sanamu ya shetani, lakini wezi walivijua thamani: vimeuzwa hadi Marekani, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilikubali kurudisha 30. Mbuzi wa kuombea mvua ni sadaka. Andika "kafara" uone msomaji atakavyofikiria damu ya mtoto.

Neno "mpagani" lina kisa chake. Asili yake ni Kilatini, na lilimaanisha mtu wa shamba. Sisi nasi, kabla jina Mijikenda halijashika katika miaka ya 1940, watu wa mjini walituita Wanyika, watu wa nyika. Kumbe dharau ni ileile, ya mtu wa mji kwa mtu wa porini. Hilo nililiweka kwenye barua ya kwanza pia. Ni zuri kuambiana kwenye kahawa, barua haihitaji.

Barua ya pili ilikuwa hivi, nimeondoa majina tu:

"Kwa Mhariri. Tarehe fulani mlichapisha habari yenye kichwa fulani (linki na nakala nimeambatisha). Picha iliyotumika ni ya babu yangu, mzee wa kaya, akiwa kwenye maombi ya mvua Rabai. Hatajwi kwenye habari hiyo, hakuwepo mahali hapo, wala hajawahi kushtakiwa kwa lolote. Tangu picha itoke ameitwa mchawi hadharani, na anaishi katika kaunti ambako wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Naomba mambo mawili: muiondoe picha leo, na mchapishe masahihisho yanayosema kwamba mtu huyo hahusiani na habari. Kifungu cha 35(2) cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Simu yangu ni hii. Nitapiga Alhamisi saa nne asubuhi."

Basi. Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipenda, na nilipiga kweli saa nne. Nilizungushwa watu watatu, wa tatu akasema, "Aa, wewe ndiye wa picha." Jioni ile picha iliondolewa. Masahihisho yalichukua siku tano zaidi na simu mbili, yakaja mistari miwili chini kabisa ya ukurasa.

Wakikunyamazia kabisa, usiende kuwatukana Facebook. Nenda Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, ambalo lina Tume ya Malalamiko chini ya sheria ya mwaka 2013. Sheria hiyo ilikuja na kanuni za maadili za wanahabari, na humo mna mambo yanayotuhusu moja kwa moja: usahihi, nafasi ya kujibu kwa aliyetajwa, uangalifu wa picha na majina, na kujiepusha na vichwa vya habari vya kuchochea pale dini au kabila vinapoguswa. Ambatisha barua uliyompelekea mhariri na tarehe ulizopiga simu. Mteja wangu mmoja alikuja na malalamiko mazito bila hata tarehe moja. Nilimrudisha nyumbani akatafute.

Ripota akija mwenyewe, hiyo ni bahati, usimfukuze. Mwambie avue viatu kama wageni wote, halafu muulizane kabla kamera haijafunguliwa: picha ni za habari gani, na je, zitawekwa maktaba? Tsawe alikubali kupigwa picha ya maombi ya mvua. Hakuna aliyemwambia kwamba amekubali kuwa picha ya kila mzee wa Pwani milele. Sasa tunaandika kikaratasi cha mistari mitatu na ripota anatia sahihi. Wengi hutia bila kelele. Mkumbushe pia kwamba mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kwenye orodha ya urithi wa dunia. Si kwa kujitapa. Ni kwa sababu huwapa sentensi ya kuanzia isiyo na neno uchawi.

Wengine hupenda kulinganisha. Yalipotokea maafa ya Shakahola, huko Kilifi, mwaka 2023, maiti zaidi ya 400 zikafukuliwa, nilisikia kwenye matatu mtu akisema ni mambo ya makafara ya kaya. Ilikuwa ni kesi ya mhubiri na wafuasi wa kanisa lake. Hakuna gazeti lililoweka picha ya bibi yangu wa Kianglikana pale juu, na ni haki lisiiweke. Hoja hiyo itumie, inaeleweka haraka.

Nami nina langu la kukiri. Wamakonde walipotambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, nilishiriki kichekesho kwenye kundi letu la WhatsApp kuhusu Wamakonde na uchawi. Fundi wa vinyago wa Kimakonde alikuwemo kundini. Hakusema kitu. Kopi zake alianza kutoa kwa jirani, shilingi mbili ghali zaidi. Nilimfuata, nikamwomba radhi, ikachukua muda.

Yale masahihisho ya mistari miwili niliyachapa, nikayakuza, nikayapitisha kwenye lamineta pamoja na ile picha. Tsawe hasomi, kwa hiyo alinitaka nimsomee mara tatu, ajue mstari upi unasema nini. Kisha akaagiza kopi ya pili ibandikwe stejini kwa vijana wa boda. Yake hukaa kwenye mkunjo wa shuka, karibu na kadi ya hospitali.

Piko bado anapaka. Namnunulia mimi, kila mwisho wa mwezi.