Kombaini Kuukuu Ihudumiwe Ngano Ikiwa Bado Kijani

Huku Sebei, mashariki mwa Uganda, kuanzia Kapchorwa kupitia Kween mpaka Bukwo, kombaini, zile mashine za kuvuna na kupura kwa pamoja, ni chache na mashamba ya ngano na shayiri huiva kwa pamoja. Mashine moja ikisimama wiki ya mavuno, mwenye mashine hakwami peke yake; wanakwama na majirani wote waliopanga foleni nyuma yake. Ngano iliyoiva haingoji mtu. Ikinyeshewa siku tatu au nne mfululizo, punje huanza kuota zikiwa masukeni, na hapo hata ukivuna hupati bei.

Kwa hiyo kila msimu namrudia kila mwenye kombaini ya zamani kwa ombi moja: itoe bandani masuke yanapochomoza, iwashe, izungushe ikiwa tupu, uisikilize. Toka masuke yachomoze hadi siku ya kuvuna una wiki sita au zaidi. Ndani ya muda huo beringi inaweza kuagizwa Kampala ikafika, au mtu akavuka mpaka wa Suam kuitafuta Kitale, Kenya, bila haraka. Ikivunjika katikati ya mavuno, beringi hiyo hiyo inakula siku mbili za barabara, na muuzaji akiona jasho lako anapandisha bei.

Nalisema hili kwa sababu nimelilipia. Msimu mmoja tulisikia mlio mwembamba upande wa kulia, nyuma ya mashine, nikasema tumalize shamba lile kwanza ndipo tufungue. Hatukulimaliza. Beringi ya shafti ya ngazi zinazotikisa mabua ilipasuka, shafti ikapinda, ngazi mbili zikavunjika. Tulikaa siku nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mvua. Mzee ambaye shamba lake lilikuwa linafuata alikuja kila asubuhi, akasimama kando ya mashine, akauliza habari za spea, akarudi nyumbani kuangalia ngano yake ikigeuka rangi. Hakunitolea neno baya hata moja. Bado naiona sura yake kila ninaposhika bomba la grisi.

Kabla ya spana

Toa terminali ya betri, weka ufunguo wa kuwashia mfukoni mwako mwenyewe. Ukitaka kuingia chini ya kichwa cha kukatia, kiinue kisha weka kile chuma cha kuzuia kwenye silinda za haidroliki. Usiamini oili peke yake kukishikilia kichwa; mpira wa haidroliki wa miaka ishirini unaweza kupasuka bila dalili.

Kisha fungua milango na vifuniko vyote polepole. Mashine iliyokaa bandani miezi saba huwa na wapangaji. Nyuki hupenda tanki la nafaka na lile sanduku la nyuma, panya hujenga kwenye ngazi za mabua na karibu na nyaya, na palipo na panya nyoka hakosekani. Ukikuta kiota cha panya, fuata nyaya zote za karibu kwa vidole, sentimita kwa sentimita, maana waya uliotafunwa nusu hukusubiri usiku wa kwanza wa kazi.

Safisha mashine yote. Vifuniko vya chini vya eleveta, zile zinazopandisha nafaka kwenda tankini, vifunguliwe vyote. Karibu kila mara utakuta punje za msimu uliopita zimeoza na kugandamana kama ugali wa jana, na bati lililo chini yake limeliwa na kutu. Pangusa, acha pakauke, angalia kama pametoboka. Hapo pia ndipo mbegu za magugu husafiri kutoka shamba la mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mwenye kombaini ya kukodisha ana deni hilo kwa wateja wake: asiwapelekee magugu ya jirani.

Kisu

Kisu kirefu cha kukatia kina meno ya pembetatu yaliyopigiliwa kwa riveti, na kinateleza ndani ya vidole vya chuma. Keti mbele ya kichwa na uende nacho jino kwa jino. Jino lililovunjika linajulikana upesi. Lile lililopoteza makali huhitaji kuguswa kwa kidole gumba. Butu halikati bua, linalivuta, na bua likivutwa suke hutikisika na punje hudondoka kabla hata ya kuingia kwenye mashine. Mkulima huona ngano imelala chini akadhani ni upepo.

Angalia vidole pia. Kimoja kikipinda, kisu hukwaruza hapo, hupata moto, kisha riveti hulegea. Kinyooshe kwa nyundo na kipande cha bomba, uone vyote vimekaa mstari mmoja. Vile vibati vinavyokandamiza kisu kwa juu viache nafasi kama nusu milimita: kisu kiteleze kwa nguvu ya mkono kikiwa kimetolewa kwenye mtambo wake, lakini kisicheze juu na chini. Mwisho, zungusha puli kwa mkono hadi kisu kifike mwisho wa mwendo wake upande mmoja. Katikati ya kila jino panapaswa kuwa katikati ya kidole. Pasipolingana, kisu kinakata nusu na kutafuna nusu, nawe utalaumu injini kwa kukosa nguvu.

Ngoma na shayiri ya bia

Ngoma ya kupura ndiyo moyo wa mashine, na mashine nyingi kuukuu zinapoteza nafaka hapa bila mwenyewe kujua. Vyuma vya kupura vilivyozunguka ngoma vina matuta. Matuta yakishakuwa laini, punje hubaki masukeni. Ukibadilisha kimoja, badilisha na kile kinachokitazama upande wa pili, la sivyo ngoma itayumba na kuua beringi zake. Pia zingatia kwamba matuta ya chuma kimoja huelekea kushoto na ya kinachofuata kulia. Fundi asiyejua akivifunga vyote upande mmoja, mazao yote yatasukumwa kwenye pembe moja ya mashine.

Wavu wa chuma ulio chini ya ngoma upimwe kulia na kushoto. Kwa ngano, anza na nafasi ya milimita 10 hadi 12 mbele na milimita 4 hadi 6 nyuma. Pande mbili zisipolingana, hakuna marekebisho mengine yatakayokusaidia. Tia kipande cha chuma chenye unene unaoujua, upime kwa utulivu, ukaze nati, upime tena. Kasi ya ngoma yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi huwa kati ya mizunguko 900 na 1,100 kwa dakika kwa ngano. Kama kitabu cha mashine yako bado kipo, fuata kitabu.

Shayiri nayo inataka mkono mwepesi. Inayokwenda kutengeneza kimea lazima iote, na punje iliyochubuliwa au kupasuliwa na ngoma haioti vizuri. Punguza kasi, fungua wavu kidogo, kisha chota konzi moja kutoka tankini na uitandaze juu ya shati jeusi juani. Ukiona punje zimevuliwa ganda kwenye ncha, punguza tena. Mkulima aliyelea shayiri yake miezi yote hiyo asikataliwe mzigo kwa sababu ya mizunguko mia moja ya ngoma.

Njiani kuelekea kwenye ngoma kuna mtego wa mawe. Mashamba yetu ya mlima Elgon yana mawe, kila mtu anajua, lakini mtego huo niliukuta kwenye mashine moja umejaa udongo mgumu kiasi kwamba jiwe lisingepata pa kuangukia. Uchokonoe sasa, na msimu ukianza uumwage kila siku.

Kuizungusha tupu

Hii ndiyo kazi yenyewe, nayo inataka saa mbili kamili. Tia grisi kwenye chuchu zote, vile vitundu vya kupokelea grisi, ukifuata mchoro au ukimulika kwa tochi, maana chuchu iliyofunikwa na vumbi ndiyo iliyosahaulika miaka mitatu. Kuna sehemu moja usiyopaswa kugusa kwa grisi: ngazi za mabua za mashine nyingi za zamani zimekaa kwenye bushi za mbao zilizoiva kwa oili. Ukizipaka grisi zinanasa vumbi na kuliwa. Zikiwa zimelegea, badilisha mbao.

Kagua mikanda ikiwa imesimama. Uliong'aa kama kioo umeteleza, uliopasuka ubavuni umezeeka. Bonyeza katikati kwa kidole gumba. Ukiingia zaidi ya sentimita moja na nusu kwenye mkanda wa kawaida, kaza. Cheni ya eleveta iweze kusukumwa kando kwa mkono juu ya gia yake ya chini, bila kuning'inia.

Sasa washa, iache ipate moto, kisha washa mtambo wa kupura kwa kasi ndogo, na baadaye kasi kamili. Watu wakae mbali, nguo zisiwe za kupepea. Zunguka ukisikiliza. Baada ya nusu saa zima kila kitu, ngoja mashine isimame kabisa, ndipo upeleke nyuma ya kiganja karibu na kila nyumba ya beringi. Iliyo vuguvugu haina neno. Ile inayokufanya uondoe mkono andika namba yake. Rudia mpaka saa mbili ziishe, kwa sababu beringi mbovu nyingine hujificha hadi ipate joto.

Ukienda dukani nenda na ile ya zamani mkononi, namba ikiwa imesafishwa ikasomeka. Duka moja liliwahi kuniuzia beringi iliyoandikwa vizuri kwenye boksi, lakini ndani mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umekaa upande, haikumaliza wiki. Tangu siku hiyo naizungusha kwa kidole mbele ya muuzaji, na nalinganisha uzito. Unapoifunga, kama ni ile yenye pete ya kufungia, izungushe pete kufuata upande shafti inakozungukia, kisha kaza skrubu yake. Ukiifunga kinyume itajifungua yenyewe.

Injini, moto na mteremko

Mashamba yetu mengi yako juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, tayari imepoteza sehemu ya nguvu zake. Usiinyime na hicho kidogo kilichobaki kwa chujio la hewa lililoziba. Lipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Likichanika kidogo tu, nunua jipya. Badilisha oili na chujio za dizeli, safisha mapezi ya redieta kwa maji yasiyo na presha kubwa.

Kombaini huungua. Makapi makavu yakirundikana karibu na bomba la moshi, pakawa na oili inayovuja na waya uliochubuka, dakika tano zinatosha kuipoteza mashine na shamba. Ziba mivujo, funga nyaya mbali na joto, beba mtungi wa kuzimia moto wenye unga na madebe mawili ya maji, na puliza makapi yatoke kwenye injini kila jioni.

Breki na tairi zijaribiwe kwenye mteremko halisi, tanki likiwa tupu. Na dereva aelewe hivi: usishuke kilima na tanki lililojaa, na chagua gia nzito ya mwendo mdogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati.

Saa ya kwanza shambani

Kata mita 50, simama. Chukua kamba ufanye mraba wa mita moja kila upande. Hesabu punje zilizo chini pale ambapo ngano bado imesimama, kisha pale kichwa kilipopita lakini mabua hayakuangukia, halafu chini ya tuta la mabua ambalo mashine huliacha nyuma yake. Kwa ngano ya kawaida, punje 25 kwa mita mraba ni sawa na kilo 4 kwa ekari.

Tuseme umepata 10, halafu 20, halafu 320. Kichwa kimedondosha 10. Chini ya tuta, toa 20 unabaki na 300, lakini punje hizo zimetoka kwenye upana wote wa kichwa. Kama kichwa kinakata mita 4 na tuta lina upana wa mita 1, gawanya kwa 4: ni 75, yaani kilo 12 kwa ekari zinazopotea ndani ya mashine.

Okota masuke na uyafikiche. Yakiwa na punje, ngoma haijapura: sogeza wavu karibu kidogo. Yakiwa matupu na punje ziko huru ndani ya mabua, unakwenda mbio kupita uwezo wa ngazi. Zikiwa kwenye makapi laini, chekeche limefungwa mno au upepo umezidi. Na kama unavuna ukikata mteremko kwa ubavu, nafaka yote imekimbilia upande wa bondeni wa chekeche, kwa hiyo vuna ukipanda na kushuka pale mteremko unaporuhusu. Ukitaka kwenda polepole badilisha gia, usipunguze mafuta ya injini, kwa kuwa ngoma, feni na ngazi zote zinaitegemea kasi hiyo moja. Rekebisha kitu kimoja tu, kata mita 50 nyingine, hesabu tena.