Siku mbili za kula na kuonja mvinyo kwenye milima ya baridi: panga hivi

Mi kazi yangu ni kupeleka wageni kwenye mashamba ya mizabibu, na kitu kinachoharibu safari nyingi ni haraka. Mtu ana siku mbili anataka apite mashamba kumi, jioni ukimuuliza kipi kimemkaa mdomoni hakumbuki.

Hatua ya 1: Punguza mashamba. Matatu kwa siku basi, mawili kabla ya kula mchana na moja baadae. Buku mapema, maana huko milimani mashamba mengi ni madogo, ya familia, anayekumiminia ndo huyohuyo alikuwa anapogoa mizabibu asubuhi.

Hatua ya 2: Dereva apatikane kabla hamjatoka. Piga hesabu mwenyewe, mmiminio wa kuonja ni kama mililita 30, ukionja aina sita ni 180, mashamba matatu ni 540, yaani zaidi ya theluthi mbili za chupa ya 750! Kahawa haikutoi pombe mwilini, muda tu ndo unaitoa. Na kutema kwenye kile chombo pale mezani sio ushamba, watengenezaji wenyewe wanatema.

Hatua ya 3: Beba sweta, halafu uelewe hiyo baridi inafanya nini. Ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na usiku ukiwa wa baridi zabibu zinaiva polepole, ile tindikali yake haiishi haraka kama bondeni kwenye joto. Ndo maana mvinyo wa huku una uchachu mzuri unaojaza mate mdomoni, na ndo maana utakutana sana na Riesling na Chardonnay (aina za zabibu za mvinyo mweupe), Pinot Noir (ya mwekundu mwepesi) na mvinyo wa mapovu. Mgeni akiniambia huu mkali namwambia subiri chakula kije.

Hatua ya 4: Fuata mpangilio. Anza na wenye mapovu, kisha mweupe mkavu (yaani usio na utamu), mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, mtamu mwisho kabisa. Ukianza na mtamu huo mkavu utauona kama ndimu. Pafyumu acha nyumbani siku hiyo tafadhali, nusu ya kuonja ni pua na utawaharibia hata wa meza ya jirani.

Hatua ya 5: Kula vizuri, hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Uchachu unakata mafuta, kwa hiyo mvinyo wa mapovu na kitu cha kukaanga vinaendana sana, jibini la mbuzi na Sauvignon Blanc (mvinyo mweupe) pia, na Pinot Noir kwa sababu haikaushi mdomo sana inakaa vizuri na uyoga au bata wa kuchoma bila kuvifunika. Cha kuangalia ni kitindamlo, mvinyo uwe mtamu kuliko keki, la sivyo unabaki na uchachu mtupu. Maji kunywa kila mnapohama, na usionje na njaa.

Hatua ya 6: Nunua ulichokipenda ukiwa umeshakula, sio ulipoonja tu. Chupa usiziache kwenye buti la gari juani, bondeni kuna joto na mvinyo ukipata moto unapoteza ile harufu yote uliyoifuata milimani, ziweke ndani mlipo nyie, zimefungwa kwenye lile sweta.